Albamu za Ukongweni: Geoffrey Oryema na Wasikilizaji wa Arua na Koboko

Albamu ya sita ya Geoffrey Oryema, From the Heart, ilitoka mwaka 2010, miaka 20 baada ya albamu yake ya kwanza, Exile. Mwimbaji huyo wa Uganda, aliyeoanisha nanga, chombo cha nyuzi cha Waacholi, na gitaa la umeme, alikuwa amefikisha umri wa miaka 57, na miaka 33 kati ya hiyo aliishi uhamishoni. Hiyo ndiyo albamu yake ya mwisho ya studio. Alifariki Ufaransa tarehe 22 Juni 2018.

Albamu ya namna hii huzua swali linalowahusu wanamuziki wakongwe wote: kazi ya jioni ya maisha ipimwe kwa kipimo gani? Desturi ni kuilinganisha na ile iliyompa msanii jina. Sauti ikionekana imepungua nguvu, au mauzo yakiwa haba, hukumu hutolewa kwamba mkongwe amekwisha. Kipimo hicho kinamwonea msanii, na kinamnyima msikilizaji. Albamu ya kwanza hufungua jambo, na ile ya ukongweni huonyesha jambo hilo limefikia wapi. Huko Arua na Koboko, katika eneo la West Nile, pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, hoja hii ina uzito wa pekee, kwa sababu jambo lililofunguliwa na Oryema mwaka 1990 liliwapata pia watu wa huko, kwa njia yao wenyewe.

Asili ya mwimbaji

Oryema alizaliwa Soroti tarehe 16 Aprili 1953, katika familia ya Kiacholi yenye asili yake Anaka. Baba yake, Erinayo Wilson Oryema, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa wa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda, kisha akawa waziri katika serikali ya Idi Amin. Mzee huyo alikuwa pia mpigaji wa nanga, na ndiye aliyemfundisha mwanawe. Mama yake aliongoza kikundi cha taifa cha ngoma, Heartbeat of Africa. Kwa hiyo kijana alilelewa kati ya nyimbo za nyumbani na jukwaa la taifa. Alijifunza nanga, filimbi, lukeme (marimba ya vidole) na gitaa, kisha akasomea maigizo Kampala na kuanzisha kikundi cha tamthilia.

Tarehe 16 Februari 1977 baba yake aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kuwa watatu hao wamekufa kwa ajali ya gari, lakini wananchi hawakusadiki, na ukweli wa mauaji hayo ulikuja kujulikana. Tangu mwaka 2015 tarehe hiyo ni sikukuu ya kitaifa ya kumkumbuka Luwum. Mwaka huohuo wa 1977 Oryema, akiwa na miaka 24, alivushwa mpaka wa Kenya akiwa amefichwa katika buti la gari. Kutoka huko alifika Ufaransa, akafanya makao.

Albamu za mwanzo

Miaka 13 ilipita kati ya safari hiyo na albamu ya kwanza. Exile ilitolewa na Real World, lebo ya mwanamuziki wa roki wa Uingereza Peter Gabriel, na prodyuza wake alikuwa Brian Eno. Wawili hao walikuwa miongoni mwa majina makubwa ya roki ya wakati ule, nao walikuwa na busara ya kutouzika muziki wa mgeni wao chini ya vyombo vingi. Katika nyimbo nyingi nanga au lukeme hurudiarudia fungu fupi la noti, sauti nzito ya Oryema ikitembea juu yake, kisha sauti hiyohiyo ikapanda hadi kuwa nyembamba kama ya mwombolezaji. Kinanda cha Eno hukaa nyuma. Wimbo "Land of Anaka" unakitaja kijiji cha mababu kwa jina. "Ye Ye Ye" ulipata bahati ya kipekee: ulikuwa wimbo wa utambulisho wa Le Cercle de minuit, kipindi cha usiku cha televisheni ya Ufaransa kilichorushwa kuanzia 1992 hadi 1999. Mamilioni ya Wafaransa waliijua sauti ya Mwacholi huyu bila kujua Anaka iko wapi.

Mwaka 1991 Oryema aliimba "Suzanne" katika albamu ya heshima kwa Leonard Cohen, I'm Your Fan, pamoja na bendi za roki za Ulaya na Marekani. Hapo alikaa mahali pake hasa, katika ukoo wa watunzi wanaoimba maneno yao wenyewe kwa gitaa, wimbo ukibebwa na maneno kuliko mdundo. Mwaka 1993 ikafuata Beat the Border, yenye gitaa la umeme, besi na ngoma kwa wingi zaidi. Albamu hiyo ina nyimbo mbili zenye majina ambayo Mswahili yeyote anayatambua: "Gari Moshi" na "Umoja". Baadaye Night to Night ilifunga mfululizo wa albamu tatu za Real World.

Albamu hizi tatu zina swali moja linalojitokeza kila upande: mtu aliyeng'olewa kwao anabaki na nini? Jibu la miaka hiyo lilikuwa kumbukumbu. Anaka ya nyimbo hizo ni Anaka ya utotoni, yenye baba aliye hai na nanga mkononi.

Mabadiliko ya ukongweni

Albamu tatu zilizofuata, Spirit ya mwaka 2000, Words ya 2004 na From the Heart ya 2010, zilitoka nje ya lebo iliyomtambulisha. Hapa yanaonekana mabadiliko manne ambayo huwapata wakongwe wengi, na kila moja linafaa kuangaliwa peke yake.

La kwanza ni sauti. Koo la mtu wa miaka 57 halipandi kama la mtu wa miaka 37. Mwimbaji mwenye akili hushusha ufunguo wa wimbo, hufupisha mistari, na kuacha nafasi ya kimya. Cohen mwenyewe ndiye mfano unaojulikana zaidi: albamu yake You Want It Darker ilitoka Oktoba 2016, wiki chache kabla ya kifo chake akiwa na miaka 82, na sauti yake humo imekaribia kuwa usemi mtupu. Wasikilizaji hawakuiona kuwa kasoro, kwa kuwa maneno yalilingana na sauti iliyoyabeba.

La pili ni nguvu za kifedha. Lebo kubwa hulipia studio, prodyuza na matangazo pale inapotarajia mauzo. Mkongwe hurudi kwenye lebo ndogo na vyombo vichache. Hali hiyo inaweza kuwa hasara au ukombozi. Johnny Cash, aliyekuwa ameachwa na kampuni za muziki za Marekani, alirudi mwaka 1994 na albamu American Recordings yenye sauti yake na gitaa lake tu, ikawa miongoni mwa kazi zake zilizoheshimiwa zaidi.

La tatu ni mada. Kijana huimba kilichomtokea, naye mkongwe huimba maana yake. Katika Spirit, Oryema anaielekeza sauti moja kwa moja kwa roho ya baba yake, jambo ambalo Exile ililizunguka kwa taratibu zaidi. Kadiri miaka ilivyokwenda, Kiingereza na Kifaransa viliongezeka kando ya Kiacholi na Kiswahili, kwa sababu wasikilizaji waliokuwa mbele yake ukumbini walikuwa Wazungu na Waafrika wa ughaibuni.

La nne ni hali ya nyumbani, na hili ndilo zito kuliko yote. Vita vya waasi wa Lord's Resistance Army vilivyoanza mwaka 1987 viliigeuza nchi ya Waacholi kuwa nchi ya kambi. Anaka, ile ya wimbo wa mwaka 1990, ikawa mojawapo ya kambi kubwa za waliohamishwa makwao. Mapigano yalikoma kaskazini mwa Uganda mwaka 2006, watu wakaanza kurudi mashambani, na mwaka 2010 wilaya mpya ya Nwoya ikaundwa, Anaka ikiwa ndani yake. Kwa hiyo From the Heart ilitoka katika mwaka ambao kijiji kilichoimbwa miaka 20 kilikuwa kinajengwa upya. Kuisikiliza albamu hiyo kama mkia wa Exile ni kupitwa na wakati wake. Ya kwanza iliimba nyumba iliyofungwa, na ya mwisho ikaimba wakati mlango ulipoanza kufunguka.

Wakongwe wengine wa Afrika Mashariki

Njia ya Oryema haikuwa ya peke yake. Ayub Ogada wa Kenya, mpigaji wa nyatiti, chombo cha nyuzi, naye alitoa En Mana Kuoyo kwa Real World mwaka 1993. Wimbo wake "Kothbiro" ulisikika duniani kote kupitia filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005, na albamu yake ya baadaye, Kodhi, ilikuja mwaka 2015, kwa ushirikiano na mpiga gitaa Trevor Warren. Ogada alifariki mwaka 2019. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyekuwa sauti ya wanyonge jijini Dar es Salaam, alirekodi Songs for the Poor Man na Mambo kwa lebo hiyohiyo, na mwishoni mwa maisha yake akageukia muziki wa Injili. Samba Mapangala, aliyetoka Kongo akapitia Kampala hadi Nairobi katika miaka ya 1970, alitoa Maisha Ni Matamu mwaka 2011 akiwa anaishi Marekani.

Philly Lutaaya ni mfano wa upande mwingine. Hakufika uzeeni, kwani alifariki Desemba 1989 akiwa na miaka 38. Hata hivyo nyimbo zake za mwisho, alizotunga baada ya kutangaza hadharani kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, zina tabia zote za kazi ya ukongweni: msanii anajua muda umebaki mchache, na anachagua la kusema. Lutaaya naye alikuwa ughaibuni, Sweden, lakini alirudi Uganda kuwaimbia watu wake na kuzungumza nao. Ndiyo sababu nyimbo zake za mwisho zinakumbukwa. Kinachotofautisha kesi hizi, basi, ni kama kazi ya mwisho iliwafikia waliokusudiwa. Ubora wa studio unakuja baadaye.

Uhamisho unavyojulikana West Nile

Kwa ramani, Anaka si mbali na West Nile. Anayesafiri kwa basi kutoka Arua kwenda Gulu hupitia Nebbi na Pakwach, huvuka daraja la Nile, hufika Olwiyo, kisha hupita Anaka yenyewe. Wakati wa vita, barabara ya Karuma hadi Pakwach ilikuwa ya kuviziwa, na magari ya Arua yalivuka kwa msafara chini ya ulinzi wa jeshi. Abiria wa Arua na wakulima wa Anaka waliogopa bunduki zilezile.

Kwa historia, ukaribu huo una uchungu. Idi Amin alikuwa Mkakwa mwenye asili ya Koboko. Baada ya kuanguka kwake, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walifika mpaka wa Sudan, kaskazini mwa Koboko, tarehe 3 Juni 1979. Oktoba 1980 wanajeshi wa zamani wa Amin walivamia Koboko na Arua kutoka ng'ambo ya mpaka, na jeshi jipya la serikali likalipiza kisasi kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, kando ya mji wa Arua, waliuawa na wanajeshi. Walugbara, Wakakwa, Wamadi na wenzao kwa mamia ya maelfu wakavuka kwenda Zaire na Sudan, wengine wakakaa huko miaka mingi. Makosa ya serikali ya Amin yalitozwa kwa watu wa eneo zima.

Ukweli huu lazima usemwe wazi: dhambi ya kumuua Erinayo Oryema ni ya watawala walioamuru na waliotekeleza, na kabila halina dhambi. Mtoto wa Anaka aliyekimbia mwaka 1977 na mtoto wa Koboko aliyekimbia mwaka 1980 walibeba mzigo wa aina moja. Nyimbo za uhamisho za Oryema ni za wote wawili, hata kama hazikutungwa kwa lugha zao.

Na simulizi haikuishia hapo. Mapigano yalipofika Yei, Sudan Kusini, mwaka 2016, watu walivuka Oraba kuingia Koboko, wengi wao Wakakwa kama wenyeji wao. Makazi ya wakimbizi ya Lobule, Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi yamejaa vijana ambao swali la mwaka 1990 ndilo swali lao la leo. Wenyeji wanawapokea wakijua ugeni ni nini, kwa sababu wao au wazazi wao waliwahi kupokewa ng'ambo.

Kwa nini muziki haukufika

Iwapo nyimbo zinawahusu watu wa Arua na Koboko kiasi hiki, sababu za kutosikika huko ni za kawaida kabisa.

Ya kwanza ni soko. Albamu zilitolewa Ulaya kwa bei ya Ulaya, wakati muziki wa Kongo uliingia kwa kanda kupitia Ariwara na Aru, miji ya ng'ambo ya mpaka, ukachezwa madukani, ukapendwa. Mji wa mpakani husikiliza kinachovuka mpaka wake.

Ya pili ni lugha. Kiacholi ni lugha ya Kiluo, na Waalur wa Nebbi na Pakwach hukifuata vizuri. Kilugbara na Kikakwa ni vya jamii nyingine za lugha, na wasemaji wake hawaambulii mengi katika wimbo wa Kiacholi. Kiswahili, pamoja na Kinubi na Lingala, ndicho kinachounganisha soko, kituo cha mabasi na kambi ya jeshi. Nyimbo za Oryema zenye Kiswahili zingeweza kuwa mlango, lakini hakuna aliyeufungua.

Ya tatu ni njia ya kusambaza. Leo wimbo hufika mkononi kwa kibanda cha simu: kijana mwenye kompyuta anahamisha nyimbo kwenye memori kadi kwa malipo madogo, na huweka kile kinachoulizwa. Kisichoulizwa hakipo. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006, lakini kibandani haijabadilisha mengi, na msanii hapati kitu, awe mkongwe au chipukizi.

Hata hivyo, yupo mrithi wa muziki huu aliye karibu zaidi, naye ni adungu. Chombo hiki cha nyuzi cha Waalur kimeenea kwa Walugbara, Wamadi na Waacholi. Makanisani hupigwa kwa kundi zima: adungu ndogo hushika melodia, za kati hujaza, na ile kubwa, ambayo kisanduku chake humfikia mpigaji kiunoni, hutoa besi. Mgawanyo huo wa kazi ndio ule wa bendi ya roki, gitaa la solo, la ridhimu na la besi. Mpigaji wa adungu wa Arua anayesikiliza Exile kwa makini hatahitaji kufundishwa kwamba fungu moja linaloweza kurudiwa dakika tano ni msingi wa kutosha wa wimbo. Analijua tayari. Atakachojifunza ni namna ya kuliweka gitaa la umeme pembeni mwa fungu hilo bila kuliua fungu lenyewe.

Kurudi nyumbani

Mnamo Desemba 2016, karibu miaka 40 baada ya kutoroka, Oryema alipanda jukwaani Kampala. Alikuwa na miaka 63, na bado alikuwa na mwaka mmoja na nusu wa kuishi. Kwa kipimo cha soko onyesho hilo lilikuwa dogo. Kwa kipimo cha swali lake la mwanzo lilikuwa kubwa kuliko tamasha la Live 8 alilopanda Uingereza mwaka 2005, kwa kuwa safari hii waliokuwa mbele yake waliuelewa wimbo bila tafsiri.

Kutokana na yote haya, kipimo cha albamu ya ukongweni kina sehemu tatu. Kwanza, iulizwe kama msanii amekubali sauti aliyonayo sasa. Pili, iulizwe kama swali la kazi ya mwanzo limesogea. Tatu, iulizwe ni nani aliyefikiwa. Oryema alifaulu la kwanza na la pili. La tatu lilimshinda kwa sehemu kubwa, na kosa si lake peke yake. Lebo, redio na sisi wasikilizaji wa Uganda tuna fungu letu.

Fungu hilo linaweza kulipwa bado. Radio Pacis ya Arua, iliyoanza matangazo mwaka 2004, na Spirit FM ya Koboko zina watangazaji wa lugha nyingi, na saa moja ya nyimbo za Oryema, zikielezwa kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili, haihitaji fedha nyingi. Makanisa yenye vikundi vya adungu yawarekodi wapigaji wazee wangali na nguvu za kuketi na chombo, na majina yao yaandikwe. Vijana wa Lobule na Bidibidi wanaotunga nyimbo za ukimbizi wapewe nafasi ya kumsikiliza aliyewatangulia. Msanii mkongwe asiposikilizwa akiwa hai, kumsikiliza baada ya kifo chake ni deni, na deni hulipwa.